Mkato wa kibodi ni nini, na kwa nini wakati mwingine hukataa

Mkato wa kibodi, au kwa jina refu njia ya mkato ya kibodi, ni kitufe au mkusanyiko wa vitufe unaoipa kompyuta amri moja kwa moja, bila kuitafuta kwa kipanya ndani ya menyu. Ctrl+C hunakili, Ctrl+X hukata, Ctrl+V hubandika, Ctrl+Z hutendua kosa la mwisho. Alama ya kujumlisha hapo haibonyezwi; maana yake ni "pamoja na" tu. Mahali ambapo inabonyezwa kweli ni kwenye kivinjari, ukitaka kukuza maandishi: Ctrl na kitufe cha kujumlisha hukuza, Ctrl na cha kutoa hupunguza, na Ctrl+0 hurudisha ukubwa wa kawaida. Mikato mingine ni ya kitufe kimoja, mfano F2 ya kubadili jina la faili na F5 ya kupakia ukurasa upya.

Wengi huchukulia mikato kama maneno ya kukariri. Kukariri kunasaidia, ila siku mkato unapokataa, au unapofanya jambo usilolitaka, kinachokuokoa ni kujua mambo mawili: kitufe kipi kilitangulia, na amri imemfikia nani.

Tuanze na kutangulia. Kibodi hutuma taarifa mbili kwa kila kitufe: moja kinapobonyezwa, nyingine kinapoachiwa. Ctrl, Alt, Shift na kitufe cha Windows (kwenye Mac ni Command, Option na wenzao) kazi yao kubwa ni kubadili maana ya kitufe kitakachofuata wakati vyenyewe bado vimeshikiliwa. Kwa hiyo kidole kidogo cha mkono wa kushoto hutua kwenye Ctrl na kubaki hapo, kingine hugusa herufi mara moja na kuinuka, kisha Ctrl huachiwa mwisho. Ukiwa umechagua aya nzima halafu C ikatangulia Ctrl hata kwa nukta ya sekunde, aya inafutika na mahali pake inabaki herufi "c". Mtu huona kazi yake imepotea, anaanza kuchapa upya. Hakuna kilichopotea: Ctrl+Z huirudisha. Kosa la upande wa pili ni kukandamiza V na kuisahau pale. Kibodi hurudia kitufe kilichoshikiliwa, na barua inajikuta imebandikwa mara ishirini.

Kwa nini hasa Z, X, C na V? Wazo la kukata na kubandika maandishi kwenye skrini lilifanyiwa kazi katikati ya miaka ya 1970 na Larry Tesler na Tim Mott, katika maabara ya Xerox PARC kule California. Baadaye Tesler alihamia Apple, na kompyuta ya Lisa iliyotoka mwaka 1983 ikaziweka amri hizo kwenye herufi nne zilizopangana safu ya chini. C ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la kunakili. Nyingine zina faida ya ujirani: mkono wa kushoto hufanya zote nne huku wa kulia ukibaki kwenye kipanya. Windows ilipozichukua, Ctrl ilishika nafasi ya Command.

Ujirani huo una mtego kwa wanaotumia kibodi za mpangilio wa Kifaransa, AZERTY, ambazo utazikuta sana Lubumbashi, Goma, Bukavu na Bujumbura. Mkato hufuata herufi, haufuati mahali. Pale vidole vilipozoea kuikuta Z, AZERTY imeweka W. Mtu aliyejifunzia kibodi ya Kiingereza anataka kutendua, vidole vinakwenda kwa mazoea, na Ctrl+W hufunga hati au kichupo alichokuwa nacho. Ctrl+A, ya kuchagua yote, nayo hugeuka Ctrl+Q, ambayo katika LibreOffice (programu ya kuandikia hati, kama Word) hufunga programu yenyewe. Lugha ya programu pia huhesabika: kukoleza maandishi katika Word ya Kiingereza ni Ctrl+B, katika Word ya Kifaransa ni Ctrl+G. Na ukiona unabonyeza A inatoka Q, kibodi haijaharibika. Mpangilio umebadilishwa kwa bahati mbaya. Kwenye Windows shikilia kitufe cha Windows na ugonge nafasi, urudi kwenye mpangilio unaolingana na herufi zilizochorwa.

Sasa swali la nani anapokea. Mikato haiendi hewani, ina foleni. Mfumo wa kompyuta huchukua yake kwanza: Windows+L hufunga skrini hadi uweke nywila, Alt+Tab huhama kati ya madirisha yaliyo wazi, Windows+D huyashusha yote uone eneo-kazi, Windows+Shift+S hupiga picha ya sehemu ya skrini. Ctrl+Alt+Delete nayo imo humo. Ilibuniwa na David Bradley wa IBM wakati wa kutengeneza IBM PC ya mwaka 1981, kwa kuiwasha mashine upya, na vitufe vyake viliwekwa mbalimbali makusudi ili mtu asivibonyeze bila kukusudia. Kilichobaki hupelekwa kwenye dirisha lililo hai wakati huo, yaani lile ulilobofya mwisho. Ukibonyeza Ctrl+P huku dirisha hai ni kivinjari, utachapisha ukurasa wa intaneti badala ya barua iliyo nyuma yake. Bofya kwanza ndani ya hati, ndipo uamuru.

Mfano unaouma zaidi ni Shift+Delete. Ndani ya maandishi, vitufe hivyo hukata kama Ctrl+X, jambo lisilo na madhara. Ndani ya folda, vitufe vilevile hufuta faili bila kuipitisha kwenye pipa la taka. Windows huuliza kwanza, lakini wengi wetu tumeshazoea kugonga Enter kabla ya kusoma swali. Kadhalika Ctrl+C: katika dirisha la amri la mfumo wa Linux, unakoandika amri kwa maneno, husimamisha programu inayoendelea, ndiyo maana huko kunakili ni Ctrl+Shift+C.

Kwa anayechapa barua na ripoti, faida kubwa haiko kwenye kunakili na kubandika bali kwenye kutembea ndani ya maandishi. Ctrl na mshale wa kulia au kushoto huruka neno zima badala ya herufi. Ctrl+Backspace hufuta neno zima. Home hukupeleka mwanzo wa mstari, End mwisho wake. Ukiongeza Ctrl, inakuwa mwanzo au mwisho wa hati nzima. Kanuni ya kushika ni moja: ongeza Shift kwenye mwendo wowote kati ya hiyo, na kila unapopita panachaguliwa. Chukua mstari wa "Yah: Maombi ya likizo ya mwaka" katika Word ya Kiingereza. Kiteuzi (kijistari kinachoonyesha unapoandika) kikiwa mwishoni mwa mstari, Shift+Home huuchagua wote, Shift+F3 hubadili herufi kuwa kubwa (rudia hadi upate umbo unalotaka), Ctrl+B hukoleza, Ctrl+U hupigia mstari, Ctrl+E huweka katikati. Mkono haujagusa kipanya.

Kwenye Excel, mikato mitatu inatosha kuanzia: Ctrl na mshale wa chini hukufikisha ukingo wa data hata kama safu ni elfu kumi, Ctrl na nukta-mkato (;) huandika tarehe ya leo, Alt na alama ya sawasawa hujumlisha namba zilizo juu. Mishale ikisogeza karatasi badala ya kuhama kisanduku hadi kisanduku, Scroll Lock imewashwa, izime.

Ubao wa kunakili, yaani mahali kompyuta inapoweka ulichonakili au kukata hadi ukibandike, nao una tabia zake. Kwa kawaida hubeba kitu kimoja, na ukinakili kingine cha kwanza kinaondoka. Tangu toleo la Windows 10 la mwishoni mwa 2018, Windows+V huonyesha orodha ya vitu hadi 25 ulivyonakili. Mara ya kwanza itakuomba uiwashe. Ukizima kompyuta, orodha hufutika isipokuwa vile ulivyobana kwa pini. Kwenye kompyuta ya steshenari au ya ofisi inayotumiwa na wengi, kumbuka kwamba aliyekaa baada yako anaweza kufungua orodha hiyo na kusoma namba ya kitambulisho au nywila uliyonakili. Ifute kabla ya kuondoka. Na maandishi uliyoyatoa kwenye intaneti yakija na rangi na ukubwa wake, jaribu Ctrl+Shift+V, ambayo hubandika maneno matupu kwenye vivinjari vingi na katika matoleo mapya ya Word.

Mkato ukikataa kabisa, angalia kitufe cha Fn kwanza. Kompyuta mpakato nyingi zimeipa safu ya F1 hadi F12 kazi za sauti na mwanga, hivyo F2 itapunguza sauti badala ya kubadili jina. Shikilia Fn pamoja na F2. Katika mashine nyingi Fn+Esc hugeuza tabia hiyo moja kwa moja. Kama kila herufi unayobonyeza inafungua jambo, huenda kitufe cha Ctrl au Alt kimekwama: gusa mara moja Ctrl, Alt na Shift za pande zote mbili. Ukibonyeza Shift mara tano mfululizo, Windows hukuuliza kama unataka vitufe vinata, ambapo Ctrl hubaki imeshikwa yenyewe hadi ubonyeze herufi. Ni msaada mkubwa kwa anayetumia mkono mmoja, na fumbo kwa aliyejibu ndiyo bila kusoma. Shift mara tano tena huizima.

Majedwali ya mikato mia moja yanayosambazwa WhatsApp hayamfundishi mtu. Afadhali uangalie kazi unayoirudia kutwa nzima, kisha utafute mkato wake huohuo: weka kipanya juu ya kitufe cha Word bila kubofya, mara nyingi mkato utatokea, kwenye Mac umeandikwa upande wa kulia wa kila menyu. Usipouona, gonga Alt na uiachie. Word itaandika herufi ndogo juu ya kila kichupo, na hizo hubonyezwa moja baada ya nyingine, wala si kwa pamoja.