Balbu nyeupe juu ya daka

Mvua ya kwanza ya masika ilipokatika, jirani yangu hapa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, bibi wa makamo ya mama yangu, aliniita usiku. "Njoo uone, mwanangu, daka langu limevamiwa." Kumbikumbi walikuwa wametanda baraza zote mbili za daka, yaani ule ukumbi mdogo wa mlangoni, mbawa zao zimemwagika juu ya mkeka kama makapi ya mpunga, na mijusi kafiri wawili ukutani walikuwa wameshiba hata hawakimbii. Juu ya mlango ilining'inia balbu mpya, nyeupe, kali. Mwanawe aliiweka ili kichochoro kisiwe giza. Bibi alishashika kopo la dawa. Nikamwomba azime taa kwanza.

Nimesomea wadudu, na kila masika naulizwa kwa nini wanapenda taa. Hawaipendi. Mwaka 2024 watafiti wa Imperial College London na wenzao walichapisha matokeo ya kuwapiga wadudu picha kwa kamera za kasi kubwa. Kilichoonekana ni kwamba mdudu haiendei taa moja kwa moja, bali huigeuzia mgongo. Tangu azali, penye mwanga usiku ni mbinguni, kwa hiyo anayeruka huelekeza mgongo kwenye mwanga apate kujua juu ni wapi. Taa ikimmulika ubavuni, anajipinda na kuizunguka asitoke. Ikimmulika kutoka chini, anapinduka chali na kuanguka. Hiyo ndiyo sababu zile taa za sakafuni zinazomulika ukuta kwenda juu, zinazopendwa sana na nyumba za wageni, naona ni mtego kabisa.

Sasa rangi. Macho ya wadudu wengi huona vizuri urujuanimno (mwanga ambao macho yetu hayauoni), buluu na kijani, na nyekundu huiona kwa shida. Ukibandua kifuniko cheupe cha balbu ya LED iliyoungua, utaona vidoa vya manjano. Chini ya manjano hayo mna taa ya buluu. Yale manjano ni unga unaogeuza sehemu ya buluu kuwa rangi nyingine, na mchanganyiko wake tunauona mweupe. Balbu iliyoandikwa 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga) huachia buluu nyingi. Ya 2700K huachia kidogo, ndiyo maana mwanga wake unafanana na wa kandili. Zile balbu za zamani za mirija iliyosokotwa zina zebaki ndani na huvujisha urujuanimno kidogo, kwa hiyo LED ya manjano inazishinda. Someni namba kwenye boksi kabla ya kulipa. Maduka mengi hukupa 6500K usipouliza.

Lakini kumbikumbi ni kero tu. Ninayemhofia mimi ni yule mdudu mwembamba, mwekundu kwa mweusi, tunayemwita nairobi flai. Si nzi, ni jamii ya mbawakavu, na wala haumi. Sumu yake, pederini, imo ndani ya mwili wake. Anatua shingoni umekaa chini ya taa, unampiga kofi, na kesho yake au keshokutwa ngozi imebabuka mstari mzima kama uliyemwagikiwa maji ya moto. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimleta kwa wingi sana Kenya. Mpulize aondoke, usimsage. Ukishamsaga, osha kwa sabuni na maji mengi upesi, wala usijiguse macho. Na kitanda cha mtoto kisiwekwe chini ya balbu.

Mbu ni habari nyingine. Wao hufuata pumzi yetu, harufu ya mwili na joto, kwa hiyo balbu ya manjano haichukui nafasi ya chandarua chenye dawa. Zile mashine za taa ya buluu zinazounguza wadudu kwa umeme nazo msinunue kwa ajili ya mbu. Utafiti wa Delaware, Marekani, uliochapishwa mwaka 1996, ulihesabu wadudu 13,789 waliouawa nazo. Wanaouma walikuwa 31 tu. Waliobaki ni nondo, mbawakavu na wengine wasio na ubaya wowote, na wamo wanaokula wadudu wenzao. Inaniuma kila nikiiona imetundikwa.

Kwa bibi tulifanya mambo mawili. Tuliweka balbu ya 2700K yenye nguvu ndogo, kisha fundi wa bati akatukatia kofia ya kuifunika juu na ubavuni, mwanga ushukie kizingiti na vipandio tu. Kichochoro kinaonekana, na ukiwa kule mwisho wake hulioni jicho la taa. Mvua iliporudi, kumbikumbi walikuja, ila ni wa kufagiwa mara moja kwa ufagio wa chelewa. Bibi mwenyewe akaongeza la tatu: watu wakisharudi msikitini baada ya Isha, anaizima.