Mstari mmoja ni nini?

Kila muhula mimi huanza somo la kompyuta za biashara na uchambuzi wa data kwa namna ileile. Wanafunzi wakishakaa, nafungua faili la mauzo kwenye ukuta: mistari 212, safu sita. Namba ya risiti, tarehe, namba ya mteja, bidhaa, idadi, thamani. Nauliza kampuni hii ilihudumia wateja wangapi. Mikono inanyooshwa haraka, na jibu huwa moja: mia mbili na kumi na wawili, Mwalimu.

Naliandika ubaoni bila kulisahihisha, kisha naomba mtu asome mistari ya mwanzo kwa sauti. Risiti 1001, kalamu. Risiti 1001, daftari. Risiti 1001, rula. Kufikia mstari wa tatu darasa limeshatulia. Aliyekuja ni mtu mmoja, kachukua vitu vitatu, na faili limempa mistari mitatu. Hapo ndipo nauliza swali ambalo tutakaa nalo hadi mwisho wa muhula: katika faili hili, mstari mmoja ni nini?

Zamani sikuanza hivyo. Nilianza na fomula, kwa sababu vitabu vinaanza na fomula na wanafunzi wanazitaka. Wengi huja wakiamini kwamba somo hili ni la kujua wapi pa kubofya, na anayejua kubofya pengi ndiye mjuzi. Kilichonibadilisha ni kosa langu mwenyewe, kabla sijawa mwalimu. Nilikuwa mchambuzi katika kampuni moja, nikapeleka kwa wakuu ripoti iliyoonyesha kwamba wateja wameongezeka sana kwa mwezi mmoja. Fomula zangu zote zilikuwa sahihi. Ila mwezi ule mfumo wa mauzo ulikuwa umebadilishwa: oda ambayo awali iliandikwa kwa mstari mmoja sasa ilivunjwa kwa kila bidhaa. Idadi ya wateja haikuwa imebadilika. Mistari ndiyo iliyoongezeka, na watu walikuwa wameshaanza kupanga mambo kwa kutegemea ripoti yangu. Sikutaka mwanafunzi wangu yeyote aje kulijua hilo akiwa mbele ya meza ya wakuu.

Lahajedwali lenyewe, yaani programu ya kukokotoa kwa mistari na safu kama Excel, haliwezi kukuonya. Kulielewa hilo, inafaa kujua lilikotoka. Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara Harvard, akimtazama mhadhiri aliyejaza ubao kwa hesabu. Namba moja ikibadilika, mhadhiri alilazimika kufuta na kukokotoa upya kila kilichoitegemea. Bricklin akawaza ubao unaojikokotoa wenyewe. Pamoja na Bob Frankston akautengeneza, na mwaka 1979 programu ya VisiCalc ikaanza kuuzwa kwa kompyuta za Apple II, ikiwa na mistari 254 na safu 63. Lotus 1-2-3 ikafuata mwaka 1983, Excel mwaka 1985. Zote zimebaki na roho ya ubao: andika chochote, popote. Weka kichwa cha habari katikati, jumla ndogo kila baada ya mistari kumi, maoni yako pembeni kwa rangi nyekundu. Kwa kufikiri na kupiga bajeti, uhuru huo hauna mfano. Kwa kutunza data, unaumiza.

Njia nyingine ilikuwa imeshachorwa mwaka 1970 na Edgar Codd, mwanahisabati wa IBM. Kwake jedwali ni mkusanyiko wa kauli za kweli zenye umbo moja. Kila mstari unatamka jambo la aina ileile: mteja fulani, siku fulani, kanunua kitu fulani. Mpangilio wa mistari hauna maana yoyote, na mstari haurudiwi, kwa kuwa kauli ya kweli haizidi kuwa kweli kwa kusemwa mara mbili. Hifadhidata nyingi za biashara leo, na lugha ya SQL inayoziuliza maswali, zimesimama juu ya wazo hilo. Nawaambia wanafunzi wafanye kazi ndani ya lahajedwali huku wakifikiri kama Codd: mstari wa jumla ukiingia katikati ya mistari ya mauzo, umechanganya kauli mbili tofauti, na siku utakapojumlisha safu nzima utaihesabu jumla hiyo kana kwamba ni mauzo mengine.

Mfano ninaoutumia sana ni wa Uingereza, 2020. Matokeo ya vipimo vya korona yalikuwa yakitoka maabara kwenda Public Health England, shirika la afya ya umma la huko wakati huo, na njiani yakapitishwa katika mafaili ya Excel ya muundo wa zamani, XLS, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Muundo mpya unabeba 1,048,576. Ungedhani hata ule wa zamani ulitosha. Lakini kila kipimo kilichukua mistari kadhaa, hivyo faili moja lilijaa likiwa na wagonjwa wapatao 1,400 tu. Waliozidi hawakuingia, na hapakutokea ujumbe wowote wa hitilafu ambao mtu aliuona kwa wakati. Wagonjwa 15,841 wa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 hawakuingia katika takwimu za kila siku, na kazi ya kuwatafuta watu waliokutana nao ikachelewa. Kila mara watu husimulia kisa hiki kama hadithi ya programu iliyopitwa na wakati. Mimi nasisitiza ile mistari kadhaa kwa kipimo kimoja. Mtu akiujua ukomo wa faili bila kujua mgonjwa mmoja anakula mistari mingapi, hajaujua ukomo.

Baada ya hapo tunashughulika na kilichomo ndani ya seli, yaani kisanduku kimoja cha lahajedwali, nako nakwenda kwa haraka zaidi kwa sababu mazoezi hufundisha kuliko maneno. Seli ina kitu na ina sura ya kitu hicho, na viwili hivi si kimoja. Ukiandika tarehe, Excel inahifadhi namba: siku ya 1 ni Januari 1, 1900, na kuanzia hapo inahesabu. Ndiyo maana tarehe zinaweza kutolewa moja kwa nyingine, na ndiyo maana wakati mwingine safu ya tarehe inageuka ghafla kuwa namba za elfu arobaini na kitu. (Ndani ya hesabu hiyo mna Februari 29, 1900, siku ambayo haikuwahi kuwepo. Lotus 1-2-3 iliuhesabu mwaka 1900 kuwa mrefu, na Excel ikarithi kosa hilo makusudi ili mafaili ya pande zote mbili yaelewane.) Namba ya utambulisho 00417 ikisomwa kama namba ya hesabu inakuwa 417. Namba yenye tarakimu 16 inapoteza ya mwisho, ikawekwa sifuri, kwa kuwa Excel inatunza tarakimu 15 tu. Wanasayansi wa jeni walihangaika kwa miaka na jeni zilizoitwa MARCH1 na SEPT1, ambazo programu ilizigeuza kuwa Machi na Septemba, hadi kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikabadilisha majina yenyewe. Sasa ni MARCHF1 na SEPTIN1. Kanuni ninayotoa ni fupi: kitu usichoweza kukijumlisha kwa maana, kihifadhi kama maandishi, na ufanye hivyo kabla ya kulifungua faili, kwa sababu sifuri iliyokatwa hairudi.

Kuunganisha majedwali ndiko kunakowashinda wengi, na hapo swali letu hurudi kwa nguvu zote. Chukua jedwali la oda, mstari mmoja kwa oda moja, na jedwali la malipo, mstari mmoja kwa lipo moja. Oda namba 101 ina thamani ya 600, na mteja ameilipa kwa awamu mbili, 250 na 350. Unganisha majedwali hayo kwa namba ya oda. Unapata mistari miwili, na kila mmoja umebeba 600 kamili. Jumlisha safu ya thamani: 1,200. Hakuna fomula iliyokosea, kompyuta imefanya ulichoiagiza. Kilichobadilika ni maana ya mstari. Ulikuwa oda, sasa ni lipo, na 600 ni sifa ya oda, si ya lipo. Ndiyo sababu nawataka wanafunzi wangu wahesabu mistari kabla ya kuunganisha na baada ya kuunganisha, waandike namba zote mbili. Mistari ikiongezeka, wasiendelee mpaka waeleze ni kwa nini.

Wastani nao una mtego wa aina hiyohiyo. Tawi moja lina oda 10 zenye wastani wa 50, tawi lingine oda 90 zenye wastani wa 20. Mwanafunzi akipewa jedwali la muhtasari lenye mistari miwili, atachukua wastani wa safu na kupata 35. Ukirudi kwenye oda zenyewe, jumla ni 2,300 kwa oda 100, yaani 23. Katika muhtasari mstari ulikuwa tawi, na tawi dogo limepewa sauti sawa na kubwa.

Hili si jambo la darasani tu. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala iliyosema kwamba nchi ambazo deni la serikali limevuka asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na ukuaji wa wastani wa asilimia -0.1. Makala hiyo ilinukuliwa sana katika mijadala ya kubana matumizi ya serikali. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, aliyekuwa amepewa kazi ya somo ya kurudia utafiti wowote uliochapishwa, alipata lahajedwali lao na kuifungua seli ya wastani. Fomula ilianzia mstari wa 30 ikaishia wa 44, wakati nchi ziliendelea hadi mstari wa 49. Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark zilikuwa zimeachwa nje. Reinhart na Rogoff walikiri kosa hilo.

Watu wengi huikumbuka ile mistari mitano tu, na kisa hiki wanakiacha hapo. Lakini mistari hiyo haikuwa chanzo kikubwa cha tofauti. Kulikuwa na miaka ya baadhi ya nchi ambayo haikuingizwa, na kulikuwa na suala la uzito: wastani wa kila nchi ulihesabiwa sawa, hata kama nchi ilikuwa na mwaka mmoja tu katika kundi hilo la deni kubwa. New Zealand iliingia kwa mwaka mmoja, 1951, uliokuwa na asilimia -7.6, ikapewa uzito uleule wa Uingereza yenye miaka 19. Herndon na walimu wake walipokokotoa upya, wakaupa kila mwaka wa kila nchi mstari wake, wakapata asilimia 2.2. Waandishi wa kwanza waliutetea uamuzi wao kuhusu uzito, na si utetezi wa kupuuza: miaka 19 ya nchi moja si mashahidi 19 wasiojuana. Je, mstari uwe nchi, au nchi kwa mwaka? Kosa la fomula mtu analirekebisha kwa dakika moja. Swali hili linahitaji mtu aliyeufikiria uchumi wenyewe, na darasa langu hulijadili kwa kipindi kizima.

Grafu na majedwali ya pivoti tunayafanya pia, lakini nitayapita. Nasema tu kwamba simpi alama mtu aliyetoa wastani bila kuchora. Seti nne za namba alizotunga Francis Anscombe mwaka 1973, zenye nukta 11 kila moja, zina wastani uleule na mstari wa mwelekeo uleule, na zikichorwa hazifanani hata kidogo. Mwanafunzi akishazichora kwa mkono wake mara moja, hahitaji kuambiwa tena.

Mtihani wa mwisho una faili la wodi. Siwaambii mstari ni nini, wao ndio waseme, na jibu ni kwamba kila mstari ni mgonjwa mmoja kwa usiku mmoja. Kisha nauliza wastani wa umri. Naanza na toleo dogo linaloweza kukokotolewa kichwani: mgonjwa wa miaka 70 kalala usiku tisa, wa miaka 20 kalala usiku mmoja. Ukichukua wastani wa safu nzima unapata 65. Ukihesabu kila mtu mara moja unapata 45. Nilikuwa nikiweka 45 kama jibu sahihi, mpaka mwanafunzi mmoja alipoandika 65 na kueleza chini yake: anayeuliza akiwa mkuu wa wauguzi anayepanga zamu za usiku, basi anataka kujua umri wa mtu atakayemkuta kitandani usiku wowote, na huyo ni 65, anayetaka kujua wodi inapokea watu wa umri gani achukue 45. Nilimpa alama zote, na tangu mwaka huo karatasi ya mtihani inamtaja muulizaji ni nani.