Je, wajua kwa nini vichekesho vya kipuuzi humvunja mmoja mbavu na kumwacha mwingine mkavu?

Desemba 1969, BBC ya Uingereza ilirusha igizo fupi la kundi la Monty Python ambalo mpaka leo linagawa watazamaji. Mteja anamrudisha kasuku dukani kwa sababu amekufa. Muuzaji anakana: amepumzika tu. Mteja anamgongesha ndege kaunta, anamrusha juu, ndege anaanguka sakafuni kama gogo. Muuzaji anadai sasa umemzimisha, na alikuwa ndiyo kwanza anaamka! Kumbe kasuku alisimama kwenye kijiti kwa kuwa alipigiliwa misumari. Mwisho hauna mwisho: mteja mwenyewe anakataa kuendelea kwa kuwa upuuzi umezidi, na kanali wa jeshi anaingia kumuunga mkono.

Wapo wanaocheka mpaka machozi, na wapo wanaouliza, "Sasa?"

Mashabiki wana jibu la haraka: hao wa pili hawajaelewa. Ni jibu tamu, maana linamfanya anayecheka kuwa mwerevu bila jasho. Lakini halina mashiko. Kundi hilohilo lina kipande kisichofika hata dakika moja: wanaume wawili wako kando ya maji, mmoja anachezacheza huku akimpiga mwenzake makofi kwa visamaki viwili, mwenzake anatoa samaki mmoja mkubwa na kumtandika naye mpaka majini. Basi. Hapo kuna fumbo gani la kuelewa? Asiyecheka anaweza kukusimulia kipande kizima bila kukosea, na usoni hana hata tabasamu. Anayecheka naye, mwulize anacheka nini, uone atakavyohangaika. Tena utani unaodai akili ya kufumbua ni ule wa kawaida, ambao bila kugundua kwamba neno moja limebeba maana mbili, umekupita. (Upande wa pili nao husema wanaocheka wanajifanya. Wachache, labda.)

Kinachotofautiana ni namna mtu anavyopokea jambo lisilofumbuliwa. Mwaka 1972 Jerry Suls, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza kuchekeshwa kuwa ni hatua mbili: kwanza unakutana na kitu kisicholingana na ulichotarajia, kisha unapata kanuni inayokifanya kilingane. Ni kama kitendawili. "Nyumba yangu haina mlango": akili inakwama, inazunguka, unatoa mji, unaambiwa ni yai, na kila kitu kinakaa mahali pake. Upuuzi nao hutega, huchukua mji, halafu huondoka bila kutoa jibu, au hutoa jibu lenye kitendawili kingine ndani yake. Misumari inaeleza kwa nini kasuku alisimama. Haielezi kwa nini mtu mzima anabisha kwamba maiti imelala. Kwa mmoja, mji umechukuliwa bure. Mwingine alifurahia kule kuzunguka kwenyewe, na jibu kamili lingemharibia.

Willibald Ruch, mwanasaikolojia kutoka Austria, alijitwika kazi ya kuipima tofauti hiyo. Aligundua kwamba, ukiacha utani wa ngono, watu huugawa utani kwa umbo lake: wenye ufumbuzi na wa kipuuzi. Wanaopenda utaratibu na mambo yaliyonyooka huelekea wa kwanza. Wanaotafuta uzoefu mpya huelekea wa pili. Utafiti wa 1990 uliohusisha Wajerumani zaidi ya 4,000 wa miaka 14 hadi 66 ulionyesha wenye umri mkubwa wakiupenda zaidi utani wenye ufumbuzi na kuupenda kidogo wa kipuuzi. Hao, hata hivyo, walikuwa watu tofauti waliopimwa kipindi kimoja, kwa hiyo huenda ni kizazi na si mvi.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba kipimo cha Ruch huuliza maswali mawili kwa kila utani: unachekesha kiasi gani, na unakuudhi kiasi gani. Kutochekeshwa si kukerwa. Mtu anaweza kukosa vyote viwili, au, ajabu zaidi, kuvipata vyote kwa pamoja.

Lakini matokeo haya ni mielekeo tu, tena si mikali, na kipimo chenyewe hutumia katuni na utani ulioandikwa. Karatasini hakuna mwigizaji anayetetea kasuku mfu bila kupepesa jicho, wala hakuna rafiki pembeni aliyekwisha kuanza kucheka.