Mgongo wa kabati si wa kuzuia vumbi tu

"Ule ubao wa nyuma ni wa kuficha ukuta na kuzuia vumbi." Nimelisikia hilo hata kwa mafundi. Jirani yangu hapa Majengo, Moshi, aliunganisha kabati lake jipya la nguo kwa imani hiyo: ubao wa nyuma aliushika kwa misumari minne, mmoja kila kona. Nililisukuma kwa kiganja tu, likayumba kama mlevi.

Fremu ya pande nne iliyoshikwa kwa skrubu za kona peke yake hulala upande kirahisi. Kinachoizuia ni huo huo ubao mwembamba, wa milimita 3 hivi, mradi ushikwe pembeni kote na kwenye rafu isiyohama. Weka msumari kila sentimita 10 hadi 15. Skrubu fupi zenye kichwa kipana ni bora zaidi, maana chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) huachia misumari upesi.

Ila kabla ya msumari wa kwanza, chukua futi upime kona hadi kona, kimshazari, mishazari yote miwili. Vipimo vikitofautiana, sukuma kona za ule mrefu mpaka vilingane. Ukipigilia likiwa limepinda, utahangaika na milango miaka yote. Na bado lifunge ukutani, hasa penye watoto: mgongo huzuia kuyumba, hauzuii kuanguka.