Mzee aliyezama na meli ya askari: jina lake litafutwe wapi?

Mama mmoja wa Mikindani alikuja ofisini kwetu na kifundo cha kanga. Akakifungua taratibu: medali, utepe umeliwa na mende. Upande mmoja kichwa cha mfalme wa Uingereza, upande wa pili simba kakanyaga joka la vichwa viwili, juu yake 1939 na 1945. "Babu alikwenda Keya, jeshi la Mwingereza, meli ikazama. Jina lake liko wapi hapa?"

Halipo. Medali za Waingereza za vita vile kwa kawaida zilitolewa bila jina, kwa hiyo msizisugue kwa ndimu mkilitafuta. Mtaziharibu bure.

Kama kwenu husimuliwa kwamba mzee alizama wakati wa vita vya Hitla, anzeni kuiulizia meli ya Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa Februari 1944 kuelekea Colombo na watu 1,511, wakiwemo askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, mabaharia wa Kiingereza na wauguzi. Mchana wa tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga torpedo mbili. Dakika mbili hivi, imekwisha. Waliokuwa vyumba vya chini hata ngazi hawakuiwahi. Walikufa 1,297.

Manowari za Kiingereza Petard na Paladin, zikiisaka nyambizi, zilitupa mabomu ya kulipukia majini pale pale manusura walipokuwa wakielea. Msafarani kulikuwa na meli nyingine nne za abiria za kulindwa, na nyambizi ilizamishwa siku hiyo hiyo. Hata hivyo mimi sijaweza kuisoma habari hii kwa utulivu.

Mabaharia wa Kiingereza majina yao yako kwenye minara ya bandari za kwao: Chatham, Portsmouth, Plymouth. Askari wetu wa mizinga wameandikwa Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong. Nauli si lazima. Orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ipo kwenye intaneti, bure.

Kazi iko kwenye tahajia. Karani aliandika alivyosikia, hivyo Hamisi jaribuni pia Hamis, Amisi, Khamis. Namba ya jeshi ndiyo haina lafudhi, basi pekueni sanduku la mzee kabla ya kuja.

Yule mama alirudi wiki iliyofuata na karatasi iliyokunjwa mara nne. Namba ipo, ila tarakimu ya mwisho imetobolewa na mchwa. Tunazijaribu zote kumi.