Viungo vya pilau vya kusaga nyumbani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Pilau ikitoka na rangi nzuri ya kahawia, watu husifia viungo. Ukweli ni kwamba rangi ile ni ya kitunguu. Kitunguu kinakaangwa taratibu kwenye mafuta mpaka kiwe kahawia, kinatiwa nyama na supu yake, na supu hiyo ndiyo inayoupaka mchele. Viungo huongeza rangi kidogo tu. Anayejaza bizari sufuriani akitafuta rangi, huku kitunguu amekitoa kikiwa bado cheupe, hupata wali mchungu wenye unga unga mdomoni.

Dhana nyingi kuhusu viungo zinatokana na kosa hilohilo la kufuata rangi na wingi. Tunachokitafuta kwenye kiungo ni harufu, na harufu imo kwenye mafuta mepesi yaliyofungiwa ndani ya mbegu. Mbegu ikizeeka, ikiungua, au ikisagwa na kuachwa wazi, mafuta hayo hupotea, na unga unaobaki hauna kazi.

"Ukichanganya vingi ndiyo vinanoga"

Pilau ya pwani inatosheka na vitano: bizari nyembamba, pilipili manga, iliki, karafuu na mdalasini. Kipimo ninachokipendekeza ni bizari nyembamba nusu kikombe, pilipili manga vijiko 2 vya chakula, mbegu za iliki kijiko 1 cha chakula, karafuu kijiko 1 cha chai, na vipande 2 vya mdalasini vya urefu wa kidole. Anayependa giligilani aongeze vijiko 2, haiharibu. Lakini uwatu na haradali zina nyumba zao kwenye achari na michuzi.

Karafuu ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Ina yujenoli, kitu kilekile kinachotia ganzi jino linapouma, na ikizidi kidogo tu inafunika kila kitu. Pilau yenye karafuu nyingi huacha ulimi umekufa ganzi, na mgeni hatajua kama kulikuwa na iliki au hapana.

"Viungo vyetu vyote vinatoka Zanzibar"

Karafuu yenyewe ni mgeni aliyelowea. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar, ndiye aliyeisukuma mpaka mashamba yakaenea. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kubwa. Pilipili manga, mdalasini na iliki vinastawi Visiwani, na pia Tanga na Morogoro. Ila bizari nyembamba, ambayo ndiyo mama wa pilau, haipendi unyevunyevu wa kwetu. Inataka nchi kavu, na India ndiyo inayoongoza kwa kuilima, hasa majimbo ya Gujarat na Rajasthan.

Nayataja haya kwa sababu ya ununuzi. Karafuu na mdalasini unaweza kuvipata vikiwa vya msimu huu. Bizari imesafiri baharini, imekaa ghalani, imekaa dukani, kwa hiyo usiinunue bila kuipima. Chukua punje chache, zisugue kwa nguvu kiganjani, unuse. Harufu isipopanda mara moja, mrudishie muuzaji kwa adabu. Karafuu ibonyeze kichwa kwa ukucha: nzuri hutoa mafuta. Au itie kwenye glasi ya maji; iliyojaa mafuta huzama au husimama wima, iliyokamuliwa au kuzeeka huelea imelala.

"Kaanga mpaka zitoe moshi ndipo harufu itoke"

Moshi ukionekana, harufu ndiyo hiyo inaondoka. Hapa ndipo viungo vya watu wengi vinapoharibikia, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Chambua kwanza. Tandaza bizari kwenye ungo, pepeta vumbi, toa vijiti na vijiwe. Weka kikaango kikavu, bila mafuta, juu ya moto mdogo. Usizitie zote pamoja. Punje ya pilipili manga ni nene na punje ya bizari ni nyembamba. Ukisubiri pilipili ipate moto hadi ndani, bizari imeshaungua. Anza na mdalasini na pilipili manga, toa. Fuatia karafuu na iliki, toa. Bizari iwe ya mwisho, na hapo usiondoke wala usishike simu. Koroga bila kuacha. Kwanza hakuna kitu, kisha harufu inapanda ghafla, punje zinaanza kutatarika kidogo na rangi inageuka kutoka kijani-kijivu kwenda kahawia hafifu. Mimina saa hiyohiyo kwenye sinia baridi. Ukiziacha ndani ya kikaango, hata ukizima moto, chuma kinaendelea kuzipika, na bizari iliyoungua ni chungu na uchungu huo hautibiki kwa chumvi wala ndimu.

Ziache zipoe kabisa kabla ya kusaga. Zikisagwa za moto, mvuke unabaki kwenye unga na unga unaganda mabonge. Blenda ya kawaida inafaa, ila mdalasini uvunjevunje kwanza kwenye kinu, hasa ule mgumu wenye gome nene.

"Kitu kikavu hakina madhara"

Kuna wanaoosha viungo vyote na kuvianika. Usafi ni jambo jema, lakini wakati wa masika mbegu iliyoloa haikauki siku moja, na unyevu ndio unaoalika ukungu. Kama ni lazima uoshe, fanya siku ya jua kali na uhakikishe zimekauka kabisa. Zilizoota ukungu zitupe. Sumukuvu, yaani sumu inayotoka kwenye ukungu, iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 kupitia mahindi, hupatikana pia kwenye pilipili kavu na kungumanga, na joto la kikaango halitoshi kuimaliza. Kukaanga hakuokoi kitu kilichokwisha kuoza.

Rangi kali nayo si ubora. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kuwa manjano ya Bangladesh yalikuwa yakipakwa kromati ya risasi, rangi yenye madini ya sumu, ili yang'ae. Mwaka 2023 nchini Marekani watoto walikutwa na madini ya risasi damuni baada ya kula rojo la matofaa lililotiwa mdalasini wa unga uliochafuliwa. Hii kwangu ndiyo sababu kubwa ya kusaga mwenyewe: mbegu nzima unaiona kwa macho, lakini unga wa mtu hujui alichotia.

"Viungo haviozi, weka tu"

Ni kweli haviozi kama nyama, lakini vinakufa. Mbegu nzima hukaa vizuri zaidi ya mwaka. Zikishasagwa, harufu inaanza kuondoka siku hiyohiyo, na baada ya miezi michache unabaki na unga wa rangi. Saga kidogo, chupa ndogo ya jamu inatosha, ifunge barabara na uiweke kabatini, mbali na jiko. Rafu iliyo juu ya jiko ni mahali pabaya kupita pote, kwani pana joto na mvuke kila siku. Wala usinyunyize moja kwa moja kutoka kwenye chupa juu ya sufuria inayochemka. Teka kwa kijiko kikavu.

Chumvi usiichanganye humo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na huwezi kuipima ikiwa imejificha ndani ya viungo.

Na wale walioambiwa kwamba viungo ndivyo vilivyowapa vidonda vya tumbo: chanzo kikubwa ni bakteria aitwaye *Helicobacter pylori*, pamoja na dawa za maumivu zinazotumiwa ovyo. Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua bakteria huyo. Mwenye kidonda anaweza kuona pilipili ikimchoma, na apunguze. Lakini kuacha bizari hakumtibu. Aende akapimwe.

Kwa kilo 1 ya mchele anza na vijiko 2 vya chai vya mchanganyiko huu. Utie baada ya kitunguu kugeuka rangi, pamoja na thomu na tangawizi, ukoroge kwenye mafuta kwa nusu dakika tu, kisha utie nyama na supu. Harufu ya viungo huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo ukinyunyiza mwishoni juu ya wali uliokwisha kukauka, utanusa tu mvuke, ladha hutaipata.