Kilimo cha juu ya paa ni nini?

Kilimo cha juu ya paa ni kulima chakula kwenye paa bapa la jengo, liwe la makazi, ofisi au maegesho ya ghorofa. Watu hukichanganya na bustani za mapambo, lakini huku juu mkulima anatarajia kuvuna.

Kabla ya mbegu, kuna suala la uzito. Udongo wa kawaida wenye kina cha sentimita 20, ukilowa chapachapa, hufikia kilo 300 na ushee kwa kila mita ya mraba. Majengo mengi hayakusanifiwa kubeba mzigo huo, kwa hiyo mhandisi hukagua zege kwanza. Ndiyo maana wakulima hawa hupendelea mboji iliyochanganywa na vijiwe vyepesi vya volkano, au huacha udongo kabisa na kukuza mimea kwenye maji yenye virutubisho. Chini ya udongo hutandikwa tabaka la kuzuia maji, la kuzuia mizizi na la kupitishia maji ya ziada. Hapo pakifanywa ubahili, wa ghorofa ya chini ndio watakaokinga ndoo.

Mazao yanayofaa ni mboga za majani, viungo na nyanya. Nafaka inahitaji eneo kubwa mno, na anayedai kwamba mapaa yatalisha jiji zima anatia chumvi.

Kwa maoni yangu, faida kubwa iko kwenye mvua na joto. Mvua ya milimita 30 ikinyesha kwenye paa la mita za mraba 1,000 ni lita 30,000, ambazo kwenye zege tupu hukimbilia mtaroni mara moja. Udongo hunyonya sehemu yake na kuchelewesha iliyobaki. Mimea nayo hupoza paa inapotoa mvuke. Chuo Kikuu cha Thammasat, karibu na Bangkok, kilifungua mwaka 2019 paa la mita za mraba 22,000 lililojengwa kwa matuta ya ngazi. Maji huteremka tuta hadi tuta, yakimwagilia mazao, mpaka kwenye mabwawa yaliyo chini.

Singapore, iliyojiwekea lengo la kuwa “jiji ndani ya maumbile”, ilianza mwaka 2020 kukodisha kwa zabuni mapaa ya maegesho ya makazi ya umma kwa ajili ya kilimo. Ila mapaa hayohayo yanatakiwa pia kwa paneli za sola, na penye nafasi finyu lazima mmoja ampishe mwenzake.